Neno "Kafara" na Mauti ya Bwana Yesu

Mwalimu wa dini hafundishi kwa maneno yake mwenyewe. Ayatumia maneno aliyoyakuta vinywani mwa watu, nayo maneno hayo yalikwisha kufanya kazi nyingine siku nyingi kabla yeye hajazaliwa. Kwa kawaida jambo hili halimdhuru. Akisema njia, au mlango, au mchungaji, wasikilizaji wamfuata bila taabu. Lakini liko neno moja ambalo, nikiitazama nyuma miaka yangu ya kufundisha, naona lilinipotosha mimi kwanza, na wanafunzi wangu baadaye, nalo ni neno kafara. Nataka hapa kulieleza neno hilo, asili yake na desturi zake, kisha kuonyesha kwa nini mauti ya Bwana wetu haifundishiki kwa neno hilo, wala kwa neno jingine lo lote, kama wasikilizaji hawajafundishwa kwanza Bwana huyo ni nani.

Nilikuwa nikifundisha darasa la ubatizo katika kijiji kimoja cha pwani, watu wazima kumi na wawili hivi, wengi wao wavuvi na wake zao. Tulifika somo la msalaba juma moja kabla ya Pasaka. Nilipenda kusema kwa lugha waijuayo, nikawaambia, "Ninyi mwaijua kafara; basi Yesu ni kafara yetu." Nikaona nyuso zimetulia, nikafurahi, nikidhani nimefahamika. Baada ya somo mzee mmoja alibaki nyuma.

"Mwalimu," akasema, "nina swali, ila sikupenda kuliuliza mbele ya watu."

"Uliza, mzee wangu."

"Kafara nimeitoa mara nyingi maishani mwangu. Mwenye kutoa ni yule aliyepatwa na balaa, ama yule aiogopaye. Sasa Mungu alipatwa na balaa gani, hata akamtoa mwanawe?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutazungumza juma lijalo, nikaenda nyumbani na haya usoni, maana nilitambua ya kuwa swali lake lilikuwa sawasawa, na mafundisho yangu ndiyo yaliyokwenda kombo.

Basi tuitazame desturi yenyewe. Katika miji ya pwani kafara ni kitu kitolewacho ili kuondoa balaa iliyokwisha kuingia, au kuizuia isiingie: maradhi, ukame, bahari iliyochafuka, misiba ifuatanayo katika nyumba moja. Pengine ni mnyama, mbuzi au kuku. Pengine ni mayai, mchele, au kipande cha nguo. Huchukuliwa na kuachwa njia panda, au ufukoni, au penye mti mkubwa au pango lisemwalo kuwa lina wenyewe, au hutupwa baharini. Iko na kafara ya mji mzima. Katika miji kadha wa kadha ng'ombe aliongozwa kuuzunguka mji, watu wakimfuata kwa dua, kisha akachinjwa. Na mtazamaji aliona kama kwamba mnyama yule ayazoa mabaya ya kila mtaa na kuondoka nayo. Wanavyuoni wa Kiislamu wenyewe hawakuyapokea mambo hayo yote kwa pamoja: dua ya kuomba salama waliikubali, lakini kuwalisha pepo chakula wengi wao wamekukemea sana, na kwa haki.

Mtu akiyaangalia mambo haya kwa makini ataona kwamba kafara ya namna hiyo ina mwendo mmoja, nao ni wa kwenda nje. Kitu chatoka nyumbani kikaenda porini au baharini, na mabaya yaende nacho. Aliyekitoa hakifuati, wala hapendi kukiona tena. Na mtoto akiokota yai la njia panda hupigwa kelele aliache. Mwenye kupokea hapendwi, huogopwa tu. Apewa chake ili asije karibu. Wala mnyama au kitu chenyewe hakina neno, hakikuulizwa. Tena desturi hiyo haina mwisho, kwa kuwa balaa nazo hazina mwisho, na aliyetoa mwaka huu atatoa na mwakani.

Na katika miaka yetu hii neno limezidi kuchafuka. Vijana wa mjini wakisema kwamba fulani "ametoa kafara", mara nyingi hawana habari za mchele wa njia panda. Wasema habari za mtu aliyetajirika kwa ghafula, naye anashukiwa kwamba alimtoa mtoto wake au ndugu yake kwa waganga ili apate mali. Magazeti nayo hulitumia kwa mtumishi mdogo aliyefukuzwa kazi kwa kosa la wakubwa: "ametolewa kafara." Ndugu walimu, lifikirini jambo hili. Kijana aliyelelewa na maneno hayo aingia kanisani, asikia kwamba Baba wa mbinguni alimtoa Mwanawe kuwa kafara. Amesikia nini? Amesikia habari za baba afananaye na tajiri yule wa mtaani ambaye majirani humnong'ona. Naye hatasema neno. Atainamisha kichwa, aseme Amina, na moyoni mwake atamwogopa Mungu kwa namna isiyopasa.

Je, neno hilo tulitupe? Sivyo nionavyo mimi. Kwa maana ukilifuata hadi kwao utalikuta ni la ukoo bora. Kafara limetujia kwa Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu ni neno lenye mipaka. Ni malipo ya kosa lililotajwa. Aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi au kuwavika, au zamani kumwacha mtumwa huru. Asiyeweza hufunga siku tatu. Aliyeiharibu saumu ya Ramadhani kwa tendo la ndoa mchana hutakiwa kufunga miezi miwili mfululizo, na akishindwa kulisha maskini sitini. Hapo hapana pepo wala njia panda.

Kiebrania ni ndugu yake Kiarabu, nacho kina mzizi ule ule wa herufi tatu, k na f na r. Kutoka humo Wayahudi wana jina la siku yao kuu, Yom Kippur, ambayo Biblia yetu yaiita siku ya upatanisho. Wataalamu wamejadiliana sana kama asili ya mzizi huo ni kufunika au kupangusa. Kwa mwalimu wa darasani zote mbili zafaa, maana mtu mwenye doa nguoni atafurahi likifunikwa na atafurahi zaidi likipanguswa. Kutoka mzizi uo huo chatoka kifuniko cha sanduku la agano, kilichokuwa cha dhahabu safi, urefu wake dhiraa mbili na nusu na upana wake dhiraa moja na nusu, chenye makerubi wawili. Waliotutafsiria wamekiita kiti cha rehema. Lishikeni jina hilo, tutalirudia.

Sasa someni Mambo ya Walawi, mlango wa 16, polepole, mkiwa na yule ng'ombe wa kuzungushwa mjini katika mawazo yenu. Kuhani Mkuu huleta mbuzi wawili, akawapigia kura. Mmoja huwekewa mikono kichwani, makosa ya watu hutajwa juu yake, kisha hupelekwa jangwani kwa Azazeli. Huyu twamjua! Mwendo wake ni ule ule wa kafara yetu, kwenda nje na mabaya. Na walimu wengi, nami nikiwamo, tukifundisha habari za msalaba twamkimbilia mbuzi huyu kwa sababu afahamika upesi. Lakini huyu hachinjwi. Mbuzi achinjwaye ni yule wa kwanza, na damu yake mwendo wake ni kinyume kabisa: haipelekwi nje, yaletwa ndani, yapita pazia, yaingia Patakatifu pa Patakatifu, yanyunyizwa juu ya kiti cha rehema na mbele yake. Kwa mbuzi mmoja mabaya yaondolewa; kwa mwingine watu wakaribishwa. Waraka kwa Waebrania, unapoieleza mauti ya Bwana, washika hasa mwendo huo wa kuingia ndani. Yesu aingia kama kuhani, na damu aingiayo nayo si ya mbuzi, ni yake mwenyewe. Naye aingia mara moja tu, wala si kila mwaka. (Kweli mlango wa 13 wautaja pia mwendo wa kutoka, kwamba aliteswa nje ya lango. Lakini angalieni hapo tunaambiwa tumfuate huko nje. Na kafara ya njia panda haifuatwi na mtu.)

Hapa lugha yetu inayo hazina ambayo twaikanyaga kila siku bila kuiona. Neno ambalo Walawi hulitumia kwa sadaka ya kila namna iletwayo mbele za Mungu ni korbani, nalo limebaki vivyo hivyo katika Marko, mlango wa 7. Mzizi wake ni kusogea, kufika karibu. Na Waarabu wana mzizi huo huo, ambao katika huo sisi tulipata neno letu la mlangoni: Karibu! Basi mwanamke wa Kiswahili amwambiapo mgeni wake karibu, anatamka, asijue, neno lililo ndugu wa jina la sadaka ya Walawi. Mimi sijaona njia fupi kuliko hii ya kumwonyesha mtu kwamba sadaka ya Biblia haikuwekwa ili Mungu akae mbali nasi ameshiba. Iliwekwa ili sisi tufike.

Jambo la pili la kuangalia katika Walawi lamhusu mtoaji, nalo ndilo lililonisaidia kwa yule mzee. Katika mlango wa 17, Mungu akieleza kwa nini damu hailiwi, asema ya kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewapa hiyo damu juu ya madhabahu kwa ajili ya nafsi zao. Watu waleta mbuzi, ni kweli. Lakini nguvu ya upatanisho haikutoka zizini kwao, walipewa. Kwa hiyo tangu Agano la Kale mtoaji wa kweli si yule aliyepatwa na balaa. Hapo kafara ya desturi na kafara ya Maandiko zaachana njia. Katika ile, mwanadamu aliyeogopa atoa, na mkali apokea. Katika hii, aliyekosewa ndiye atoaye.

Walakini tukikomea hapo, swali la mzee halijajibiwa. Limezidi kuwa gumu. Ikiwa mtoaji ni Mungu, na kinachotolewa ni mtu mwingine, mtu mwema asiye na kosa, basi twarudi kwa tajiri wa mtaani. Kila kitu chategemea kujua ni nani huyo aliyetolewa.

Na hili ndilo swali aliloliuliza yule mtu wa Kushi katika Matendo, mlango wa 8, mtu wa bara letu, mwenye amri juu ya hazina ya malkia Kandake. Alikuwa akisoma katika Isaya habari za mtumishi aliyepelekwa kuchinjwa kama kondoo. Hakumwuliza Filipo kuchinjwa huko kwafaa nini, wala damu yafanya kazi gani. Alitaka kujua nabii amsema nani, je, ni yeye mwenyewe au mtu mwingine. Filipo akaanzia hapo. Nami naona aibu kidogo kwamba mtu huyo, peke yake garini, aliuliza vizuri kuliko nilivyofundisha mimi.

Injili ya Marko nayo imejengwa kwa namna hiyo. Nusu yake ya kwanza yote ni watu kuulizana huyu ni nani, awezaye kuamuru upepo na kusamehe dhambi. Katika mlango wa 8, karibu na Kaisaria ya Filipi, Petro ajibu kwamba ni Kristo. Na mara ile ile, si kabla, Yesu aanza kuwafundisha kwamba imempasa kuteswa na kuuawa. Petro aukubali utu wake akaikataa mauti yake, akakemewa. Mwishoni, mlango wa 15, akida wa Kirumi aliyesimama akimtazama anavyokufa ndiye akiriye kwamba mtu huyo alikuwa Mwana wa Mungu. Marko hakutaka tumjue bila msalaba, wala tuujue msalaba bila yeye.

Majina yake yataka uangalifu pia. Kristo ni Kiyunani na Masihi ni Kiebrania. Yote mawili maana yake ni mpakwa mafuta, kama walivyopakwa wafalme na makuhani. Mwana wa Adamu, katika masikio ya Mswahili, ni mwanadamu tu, mtu kama watu. Na ndivyo maneno yale yawezavyo kumaanisha hata katika lugha aliyoisema Bwana. Ila tusisahau yule aliye mfano wa mwanadamu katika Danieli, mlango wa 7, ajaye na mawingu na kupewa ufalme usiokoma. Jina moja labeba unyonge na enzi. Na jina Mwana wa Mungu, kwa jirani yetu Mwislamu, lasikika kana kwamba twasema Mungu alioa akazaa, jambo ambalo Mkristo hulikana kwa nguvu sawa na yeye. Mwalimu aanze kwa kulikana hilo waziwazi, ndipo aseme analolisema. Jirani huyo tena haamini kwamba Isa bin Mariamu alisulibiwa kamwe. Kwake Mungu asingemwachia nabii wake aaibishwe hivyo. Tusimcheke. Petro alisema maneno yaliyo karibu sana na hayo.

Kanisa lenyewe lililazimika kupigania jambo hili. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkuu kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulikataa, ukakiri kwamba yu wa asili moja na Baba. Mwaka 2025 makanisa mengi yaliadhimisha miaka 1700 ya mtaguso huo, na katika shule zetu husomwa kama jambo la historia na majina magumu. Mimi husema ni jambo la kafara. Kama Ario angalikuwa na haki, basi pale msalabani Mungu alimtoa mwingine. Alichukua kiumbe chake bora akakitumia, yeye asiguswe. Nikea yasema sivyo: ajitoaye pale ni Mungu mwenyewe katika Mwanawe. Ndivyo Paulo awaandikiavyo Wakorintho, kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Na mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451 ukaongeza ulinzi upande wa pili, kwamba huyo huyo ni mwanadamu kamili. Asingekuwa mwanadamu, asingaliweza kufa. Asingekuwa Mungu, mauti yake ingalikuwa ya mtu mmoja zaidi tu kati ya waliosulibiwa na Warumi, nao walikuwa wengi.

Wala hakuburutwa kama mnyama. Katika Yohana, mlango wa 10, asema kwamba hapana amwondoleaye uhai wake, autoa mwenyewe. Katika Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, kisha akakipokea. Mbuzi haombi, wala hakubali. Ndiyo sababu Waebrania waweza kumwita kuhani na sadaka kwa pamoja, jambo ambalo katika desturi yo yote ya kafara niijuayo halijapata kuonekana, mchinjaji na mchinjwaji kuwa mmoja.

Watafsiri wetu walipolifikia jambo hili walipita njia mbalimbali, na yafaa mwalimu azijue. Paulo, katika Warumi 3, alimwita Kristo kwa neno la Kiyunani hilasterion, ambalo ndilo waliolitumia Wayahudi wa Kiyunani kwa kile kifuniko cha dhahabu, kiti cha rehema. Wataalamu walishindana juu yake katika karne iliyopita: C. H. Dodd alishika kwamba maana yake ni kufutwa kwa dhambi, Leon Morris kwamba ni kuondolewa kwa ghadhabu ya Mungu. Biblia ya Union ya mwaka 1952 ilitumia neno upatanisho hapo, na upatanisho tena katika mlango wa 5, ambapo Paulo ametumia neno jingine kabisa, la watu waliogombana wakapatana. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili haoni kwamba maneno ni mawili. Hasara yake ni kwamba kiti cha rehema kimepotea machoni; faida yake, nayo si haba, ni kwamba msomaji hawezi kamwe kufikiri habari za damu bila kufikiri habari za urafiki uliorudi.

Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alitaka kuyapunguza maneno ya Kiarabu na kurudi kwenye Kibantu. Kuhani akamwita mtambikaji, na sadaka akaieleza kwa neno tambiko. Kwa watu wa bara lilikuwa neno lenye nyama na mifupa, lakini nalo lilikuja na wenyewe wake, maana tambiko ni la mizimu ya wazee. Mtu aweza kulikimbia pepo la kafara akaangukia mzimu wa tambiko. Hata hivyo tambiko lina jambo moja ambalo kafara haina: ndugu hukusanyika, hula pamoja, na aliyegombana na nduguye hutakiwa kupatana kwanza. Tena si kila sadaka ya wazee wetu ilikuwa ya mizimu. Wakikuyu, kama Jomo Kenyatta alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, walichinja mwana-kondoo wa rangi moja chini ya mti wa mugumo kumwomba Ngai mvua, nao waliitofautisha ibada hiyo na mambo ya wazee waliokufa. Mwalimu wa huko ana mlango ambao sisi wa pwani hatuna.

Neno fidia, na ndugu yake ukombozi, lina historia yake katika pwani hii, nayo ni ya machozi. Kukomboa kulikuwa kutoa fedha kwa ajili ya mtu au kitu kilichowekwa rehani, au mateka. Rabai, karibu na Mombasa, tarehe 1 Januari 1889, watumwa waliotoroka wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza, kuwalipa mabwana wao. Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali pale pale. Mwenye wazee waliopewa hati hakuhitaji kuelezwa fidia. Lakini mfano huu nao una mpaka wake, kwa sababu Rabai fedha ilipokewa na mtu. Je, uhai wa Yesu ulipokewa na nani? Origeni zamani alisema ni Shetani. Gregorio wa Nazianzo, katika karne ya 4, alilichukia wazo hilo: mnyang'anyi alipwe, tena alipwe Mungu! Bwana aliposema ametoa uhai wake kuwa fidia ya wengi, alitaja gharama na uhuru. Mpokeaji hakumtaja, na mwalimu asimwongeze.

Juma lililofuata nilimwendea mzee nyumbani kwake. Nilimkuta akishona wavu. Sikuanza na kafara. Nilimsomea Marko tangu mwanzo, siku ile na siku nyingine tatu, na kila tulipokoma nilimwuliza, "Mzee, huyu ni nani?" Siku ya kwanza alisema mganga. Siku ya pili alisema nabii. Tulipofika kwa yule mtu mwenye kupooza aliyesamehewa dhambi tulikuwa tumekwisha kupita, lakini alinirudisha nyuma mwenyewe. "Pale waandishi walisema neno la haki, Mwalimu. Aliyekosewa ndiye asameheye. Mimi nikimwibia jirani, wewe huwezi kunisamehe." Nikanyamaza. Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi huyu ndiye aliyekosewa."

Tulipomaliza msalaba nilimkumbusha swali lake, kwamba Mungu alipatwa na balaa gani. Alifikiri muda mrefu. "Balaa ilikuwa yetu," akasema. "Lakini mwenye kutoa ni yeye, na kilichotolewa ni yeye. Hiyo si kafara niliyoijua mimi."

"Tuiiteje, basi?"

"Iite kafara," akasema, "ila usianze nayo."

Tangu hapo sianzi nayo. Darasani mwangu somo la msalaba laja baada ya miezi mitatu ya Injili, na neno kafara lafika mwisho, pamoja na Walawi 16 na wale mbuzi wawili, na karibu ya mlangoni. Wenzangu wengine hawakubali. Wasema ni muda mrefu mno, na wengine hutumia dhabihu tu, neno safi lisilo na njia panda. Ni kweli ni safi, na madhabahu ni wa ukoo wake. Lakini ni neno la kitabuni, wavuvi hawalisemi. Ningependa kujua walimu wa Uchagani, wa Ukerewe na wa bara ya Kenya watumia neno gani katika lugha za nyumbani kwao, na mnyama wa sadaka huko hutolewa nje ya kijiji au huletwa ndani.